Wajapani na kuandika kwa brashi, msimu unaingiaje hapo?

Nyota_Tatu:
Wakuu habari za jioni, nimekuwa naangalia video za Wajapani wanaoandika kwa brashi na wino mweusi, wenyewe wanaita shodo, sasa kila video naambiwa hii ni ya mwaka mpya, hii ya Julai, hii inatundikwa majani yakipukutika. Herufi si herufi jamani? Mwenye kujua amwage hapa.

Kaka_Wino:
Mkuu anza na wino wenyewe, maua ya cheri baadaye. Wino wao mwingi wa vipande unatoka mji wa Nara, ni masizi ya mafuta au ya msonobari yanakandwa na gundi ya wanyama, na kazi hiyo inafanywa miezi ya baridi, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili, maana joto likizidi gundi inaoza kabla kipande hakijakauka. Karatasi yao ya asili, washi, nayo hivyohivyo, wanaichota kwenye maji ya baridi kali kwa sababu ule ute wa mizizi wanaouchanganya na nyuzi ukipata joto unapoteza nguvu. Yaani baridi imeshaamua mambo hata brashi hujashika.

BintiShamba:
Naongezea. Tarehe 2 Januari kuna kakizome, maandishi ya kwanza ya mwaka, watoto wa shule wanapewa kama homuweki ya likizo. Katikati ya Januari karatasi hizo zinachomwa pamoja na mapambo ya mwaka mpya, karatasi yako ikipaa juu na moto wanasema mwandiko utanyooka. Halafu 7 Julai ni Tanabata, sikukuu ya nyota, wanaandika maombi kwenye vikaratasi wanafunga kwenye mianzi, na zamani wino wa siku hiyo ulisagwa kwa umande wa majani ya magimbi. Magimbi haya haya wakuu 😂

Mzee_Kijiwe:
Acheni kuwapamba, siku hizi wino wa chupa wananunua dukani.

Kaka_Wino:
Mzee kwa shuleni upo sahihi kabisa. Ila nenda kwenye chumba wanachofanyia ile sherehe yao ya kunywa chai, maandishi ya ukutani bado yanabadilishwa kufuata msimu, na Novemba hata moto wa birika unahamia kwenye shimo la sakafuni mpaka mwisho wa Aprili. Kilichowavuruga zaidi ni kalenda, walipohamia ya kizungu 1873 Tanabata ikaangukia kipindi chao cha mvua, sikukuu ya nyota mbingu zimefunga mawingu! Ndiyo maana mji wa Sendai wao wanaifanya Agosti.