Kasi ya chembe za mchanga hewani: vipimo havitulii

chembe_laini: Wakuu, napima kasi ya mwisho (ile isiyoongezeka tena chembe ikianguka) ya mchanga uliosagwa, uliopita chekeche la mikrometa 106 ukabaki kwenye la 90. Bomba ni la akriliki (plastiki ngumu angavu), urefu mita 1, kipenyo sentimita 10. Namwaga kidogo kwa juu na kurekodi chini kwa fremu 240 kwa sekunde. Napata kuanzia 0.3 hadi 1.1 m/s, ilhali fomula ya Stokes (ya kasi ya tufe dogo linaloanguka polepole) inanipa karibu 0.8. Nakosea wapi?

mnato: Hiyo 0.8 yenyewe haifai kuwa lengo. Kwa ukubwa huo namba ya Reynolds (uwiano wa msukumo wa hewa inayosogezwa na mnato wake) inakaribia 4, na Stokes hutaka iwe chini sana ya 1. Tufe la mikrometa 100 lenye densiti 2650 kg/m³ huanguka kwa takriban 0.58 m/s, na chembe yenye kona hushuka polepole kuliko hapo. Kwa hiyo hizo 1.1 zinatokana na kumwaga: chembe zikienda kwa kundi huburuta hewa, kundi zima likashuka kama kitu kimoja kikubwa. Weka chekeche dogo mdomoni mwa bomba, ligonge mara moja kwa kalamu, zidondoke 5 hadi 10 tu.

bomba_wima: Akriliki nayo hushika umeme tuli. Chembe zikiganda ukutani, data ya mpigo huo itupe. Kioo ni bora. Ziba chini, tumia LED isiyopasha bomba joto, kisha kagua kwa moshi uliopoa kama hewa ya ndani imetulia: ukisogea sentimita 3 kwa sekunde, hilo ni kosa la moja kwa moja kwenye kila kipimo. Kabla ya mchanga, jaribu shanga za kioo za mikrometa 100 (densiti 2500). Usipopata karibu 0.55, tatizo ni la chombo.

chembe_laini: Asante. Nianze kupima umbali gani? Rula nimeibandika ukuta wa nyuma.

mnato: Sentimita 12 zinatosha kufikia 99% ya kasi, anza kwenye 30 uwe salama. Rula ihamishe. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka katikati ya bomba na rula 5 nyuma yake, kasi inazidi kwa 10%. Iweke katikati, piga picha ya kipimo, kisha itoe.

Pima chembe 100 au zaidi, moja moja. Mtawanyiko utakaobaki usiufute kwa wastani, maana ndio umbo lenyewe: vigae bapa hushuka vimelala na kuchelewa. Andika thamani ya katikati pamoja na mipaka ya 10% na 90% (kasi ambazo 10% na 90% ya chembe ziko chini yake).