Naomba ushauri: madaktari wa wodini na utafiti
Ndugu wanachama, ninafundisha magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya hapa Bukavu, nami nimepewa jukumu la kuwasaidia wenzangu saba wanaotamani sana kuandika makala za kisayansi, ila zamu zinawamaliza. Taarifa za wagonjwa zimo katika madaftari makubwa ambayo mengine yameloa mvua, na mwenzetu mmoja huyanakili mstari kwa mstari hadi usiku wa manane. Majarida tunayasoma kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002. Kinachokosekana ni muda na mtaalamu wa takwimu. Je, tuombe kwanza siku moja kwa wiki isiyo na zamu, au tumtafute mtakwimu? Nanyi mliosoma kwa Kifaransa, makala za Kiingereza mliziandikaje?