Chakula cha msaada Nairobi 2020: kilistahili kuanza na wakimbizi?

Baba_Pumwani: Nauliza tena bila matusi. Korona ilipoingia, kikundi chetu cha mtaa kilichanga pesa, kikagawa chakula kwa wakimbizi wa Eastleigh na Kayole. Mkenya aliyefutwa kazi hakupata. Wakimbizi wana UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wana kambi za Kakuma na Dadaab. Ilikuwa haki? Na pakiti nyingine ziliuzwa siku hiyo hiyo.

Section_Three: "Ziliuzwa"! Mama yangu alipewa unga wa mahindi kilo mbili katikati ya Ramadhani. Nyumba nzima Wasomali, hakuna anayejua kusonga ugali. Ungefuturu nini wewe?

Mwana_Kayole: Mwenye njaa hachagui.

Mama_Bukavu: Unamwambia nani habari ya njaa? Nilikuwa nachuuza vitenge nyumba kwa nyumba. Kafyu ilipotangazwa Machi, nani angenifungulia mlango? Wanangu walikunywa uji wa chumvi siku tatu. Bugali sisi tunakula, lakini huyo mama simlaumu.

Daftari_la_Mtaa: Baba Pumwani, kambi zilifungwa mwishoni mwa Aprili, haingii mtu wala hatoki. Wangefikaje Kakuma? Na Eastleigh nayo ikafungwa Mei, siku 14.

Section_Three: Siku 15, halafu zikaongezwa hadi Juni 6. Nilikuwa ndani. Idd tuliswalia sebuleni.

Mwana_Kayole: Poleni kwa hilo. Lakini mimi nilitoa mia tatu nikilipwa nusu mshahara. Kuuza msaada ni kumvunja moyo aliyechanga.

Duka_la_Kona: Mimi ndiye niliyenunua. Pakiti tatu za unga, shilingi 80 kila moja. Mmoja wa waliouza, mama mtu mzima, aliipangusa pakiti vumbi kwa ncha ya mtandio kabla ya kuiweka kaunta. Akachukua tambi na majani ya chai ya kumi. Kumi iliyobaki akapunguza deni la sukari. Huyo ndiye mnayemwita muuza msaada.

Mama_Bukavu: Na wewe uliuza ngapi?

Duka_la_Kona: 120.

Mama_Bukavu: Arobaini juu ya kila pakiti, kwa watu waliofungiwa!

Duka_la_Kona: Kodi ya duka ningelipa na nini? Nusu ya wateja wangu walibaki nje ya kizuizi.

Mwana_Kayole: Kumbe faida ya mia tatu yangu ilikwenda huko.

Baba_Pumwani: Jamani, swali langu ni la mwenyeji aliyepoteza kazi, kama jirani yangu.

Daftari_la_Mtaa: Mimi ndiye niliyeandika majina, na wenyeji pia tuliwaandika. Huyo jirani yako nilimbishia hodi mwenyewe. Akajibu kutoka ndani kwamba wako sawa, hawana shida.

Baba_Pumwani: Aliona haya. Fundi aliyeajiri vijana sita atoke kupokea unga mbele ya watoto wake? Mngerudi usiku, mkabisha tena.

Daftari_la_Mtaa: Usiku kulikuwa na kafyu, ndugu yangu.

Mama_Bukavu: Duka la Kona, hiyo arobaini bado hujanijibu.