Naomba ushauri: DJ anataka kuukata wimbo wetu wa kuingilia ukumbini

Wakuu, habari za jioni. Harusi yangu ni mwezi ujao. Mimi na mwenzangu tumechagua kuingia ukumbini na "As" ya Stevie Wonder, ile ya kwenye Songs in the Key of Life ya 1976. Santuri hiyo ilikuwa ya marehemu baba, nilizaliwa nikaikuta. Sasa DJ anasema wimbo wa dakika 7 utawachosha watu, atapiga 2 tu. Mama mkwe naye kauliza hicho Kizungu kinasema nini. Nikamtafsiria: nitakupenda hadi pomboo waruke angani na kasuku wahamie baharini. Akaniangalia tu. Nifanyeje?

Mzee wa Santuri
Hongera, kijana. Dakika 2 hazikufikishi popote. Mwanzo wake ni wa taratibu, Herbie Hancock yuko kwenye kinanda, hapo ndipo mnatembea na bibi harusi. Utamu uko mbele. Stevie anaiacha ile sauti laini anaanza kuunguruma kama mhubiri wa mkutano wa injili, waitikiaji hawamwachii. Hapo hata mweka hazina wa kamati atainuka.

Binti wa Tabata
Mama mkwe mwambie ni kama sisi tunavyosema mpaka kuku aote meno. Ataelewa hapohapo.

Ticha
Kuna mahali anaapa mpaka 8 mara 8 mara 8 iwe 4. Nimepiga hesabu, ni 512. Shemeji yetu yuko salama.

Kaka Mdogo
Si uchukue "If It's Magic"? Upo upande uleule wa santuri, kinubi, sauti na harmonika kidogo basi, na ni mfupi.

Mzee wa Santuri
Kinubi cha Dorothy Ashby sikipingi, kinaliza. Ila sikiliza maneno, mdogo wangu. Anauliza: kama mapenzi ni muujiza, mbona hayadumu? Uingie na swali hilo mbele ya wakwe?

Kaka Mdogo
Duh. Nafuta kauli.

Mleta uzi
Asanteni sana. DJ kakubali: tunaingia na ule mwanzo, tukishafika meza kuu anauacha uendelee mpaka mwisho, MC atawaita wazazi wacheze. Mama mkwe kacheka sana habari ya kuku. Ameomba tu kwaya ya kanisani kwao ipewe nafasi kabla ya keki, nyimbo 3. Sijabisha.