Mota ya ndege yangu ya rimoti haishikiki kwa moto, nimekosea propela?

Kijana wa Shangani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara. Nimeunda ndege ya rimoti kwa lile povu jeupe la maboksi ya samaki, mabawa mita moja, uzito gramu 650 pamoja na betri ya lipo ya seli 3 (volti 11.1). Mota imeandikwa 2200 KV, ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) ni ya ampea 30. Dukani nilipewa propela ya 10x4.5. Juzi nimeishikilia chini, nikapandisha mwendo hadi nusu. Dakika haijaisha, mota haishikiki na ESC inanuka. Nimeihangaikia miezi minne, naogopa kuiunguza. Nifunge ipi?

Fundi Lindi: Mdogo wangu, usiiwashe tena na hiyo. 2200 KV maana yake kila volti moja inaizungusha mara 2200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwa betri yako ni zaidi ya mizunguko 24,000! Ukiibebesha panga la inchi 10, itanyonya umeme mpaka iungue. Kwa mzunguko ule ule, inchi 10 inadai nguvu zaidi ya mara saba ya inchi 6. Funga 6x4. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja.

Mnazi Mrefu: Si aweke tu ESC ya ampea 60?

Mama Rubani: Hapana ndugu yangu, ataokoa ESC aue mota. Mwanangu, ukipata hela tafuta mota ya 1000 KV, hiyo 10x4.5 itaifaa: inazunguka taratibu na inavuta vizuri ndege ikiwa polepole, ndicho anachohitaji anayejifunza. Kwa sasa 6x4. Maandishi ya propela yatazame mbele. Halafu pima ampea. Klampu mita (zile za kubana waya) za mafundi wengi wa nyumba zinapima AC tu, umeme wa nyumbani; wewe unataka ya DC, umeme wa betri.

Kijana wa Shangani: Asanteni sana. Nimefunga 6x4, mwendo wote inakula ampea 20, mota vuguvugu tu. Leo alfajiri, kusi haijaanza kuvuma, imekaa hewani dakika tano! Nilitetemeka mikono. Kutua ikagonga mchanga, ncha ya propela imepata ufa mdogo kama unywele. Niendelee nayo?

Fundi Lindi: Hongera! Hiyo vunja utupe, isije ikafungwa tena kwa bahati mbaya. Kwa kasi ile kipande kikichomoka kinaingia jichoni. Nunua tatu kwa mpigo.