Baridi yabisi: maumivu yakitulia kwa vidonge, kiungo nacho kinakuwa kimepona?

BintiSalma
Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uelewa anisaidie, dada yangu ana miaka 38 kaambiwa ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Vipimo vya damu vimeonyesha, ila eksirei ya mikono daktari kasema bado iko safi. Sasa kinachotuchanganya ni hiki, akimeza diklofenaki anakaa vizuri tu, anafua, anasuka nywele watoto, lakini asubuhi vidole vinakaza karibu saa nzima hawezi hata kufunga kifungo cha gauni. Daktari anataka aanze methotreksati, tumeingia mtandaoni tunakuta ni dawa ya kansa, nyumba nzima imeshtuka. Mama anasema kama eksirei iko safi na vidonge vya maumivu vinamsaidia ya nini kujitia midawa mikali. Ni lazima aanze sasa hivi? Na kiungo kikishaliwa kinaweza kurudi?

NesiWaZamu
Pole sana kwa mgonjwa. Nianze na la mama, eksirei kuwa safi ndiyo sababu kubwa ya kuanza sasa, maana bado kuna kitu cha kuokoa.

Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Kwenye ugonjwa huu kinga inauvamia, unavimba, unanenepa halafu unaanza kutambaa juu ya gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na pale pembeni gegedu linapokutana na mfupa ndipo panapoanza kuliwa. Kemikali za uvimbe kama TNF na interlukini-6 zinaamsha chembe za kubomoa mfupa, baadaye ndo unaona vitundu kwenye picha. Kwa wengi vitundu hivyo vinaanza kutokea ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Diklofenaki inatuliza maumivu na kukaza, huo mmomonyoko haiuzuii. Kukaza saa nzima asubuhi maana yake moto bado unawaka humo ndani hata kama mchana anafua.

Na kiungo kikishaliwa hakirudi kama zamani, kwa hiyo kazi yote ni kuzuia.

Methotreksati ni kweli inatumika kwenye kansa, lakini kule dozi inaweza kuwa kubwa mara nyingi sana kuliko hii. Kwenye viungo ni kama miligramu 7.5 hadi 25 MARA MOJA KWA WIKI, narudia kwa wiki, siyo kila siku, kuna watu wamekufa kwa kumeza kila siku kwa kukosea, chagueni siku moja muiandike kwenye boksi la dawa. Anapewa na asidi ya foliki, anapimwa damu na ini mara kwa mara, na asitegemee kuona kitu wiki ya kwanza, inachukua wiki kadhaa. Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huu mwaka 1988, siyo dawa ya majaribio hiyo.

Kimya_Kimya
Mi naongezea upande wa utafiti maana nimeufuatilia kwa miaka tangu mama yangu aumwe. Mwaka 1948 Philip Hench, daktari wa hospitali ya Mayo Clinic Marekani, alimpa mgonjwa kortisoni, dawa ya kundi la steroidi, mtu aliyekuwa hajiwezi akaanza kutembea ndani ya siku chache, 1950 wakapata Nobel yeye na wenzake. Watu wakadhani ugonjwa umeisha, kumbe kadiri unavyoitumia muda mrefu ndivyo inavyoleta madhara mengine, mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda. Ndo maana leo steroidi wanaitoa kwa muda mfupi kushikilia wakati methotreksati inaanza kufanya kazi.

Halafu 1992 pale London Marc Feldmann na Ravinder Maini wakaanza kuwapa wagonjwa dawa ya kuzuia TNF. Kuna kitu kwenye utafiti wa ATTRACT uliotoka 2000 nataka mama yenu akisikie, wagonjwa waliopewa infliksimabu, ndiyo hiyo dawa ya kuzuia TNF, pamoja na methotreksati, hata wale ambao dalili hazikupungua vya kutosha, kwenye eksirei uharibifu ulipungua sana. Yaani maumivu ni jambo moja na kuliwa kwa kiungo ni jambo jingine, huwezi kupima hili kwa lile.

Na msiogope kwamba mpaka mpate midawa ya bei mbaya. Utafiti wa TICORA wa Glasgow, 2004, walitumia zaidi dawa za kawaida, tofauti ni kwamba kundi moja lilionwa kila mwezi, viungo vinahesabiwa kimoja kimoja, kama uvimbe bado upo dawa inaongezwa siku hiyohiyo. Waliotulia kabisa walikuwa 65% kwa 16% ya wale wa kawaida!

BwanaGoti
Samahani kudandia, baba yangu ana goti la uzee linasagika, anachomwa sindano ya steroidi kila baada ya miezi 3. Nalo ni hivihivi?

NesiWaZamu
Hapana kaka, hilo ni ugonjwa tofauti. Gegedu halina mishipa ya damu kwa hiyo linajitengeneza kwa shida mno, na mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kusimamisha huo usagaji. Hiyo sindano ya kila miezi 3 ilipimwa kwa miaka 2, majibu yakatoka 2017, gegedu lilipungua zaidi kwa waliochomwa steroidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi na maumivu hayakutofautiana. Moja ya kutuliza siku mbaya sawa, ila ratiba ya kudumu aongee na daktari. Misuli ya paja iimarishwe, na kama ana uzito mkubwa apunguze, kila kilo moja inayotoka inaondoa kama kilo 4 za mzigo gotini kila hatua.

BintiSalma
Jamani asanteni mno, nimemsomea mama yote na kakubali. Ila kuna kitu sikusema, dada anatafuta mtoto wa tatu, hajamwambia daktari.

NesiWaZamu
Amwambie KABLA ya kidonge cha kwanza tafadhali. Methotreksati na mimba haviendi pamoja kabisa, inaharibu mtoto. Kuna dawa nyingine za ugonjwa huu, sulfasalazini na hydroksiklorokwini, hizo zinaweza kutumika hata akiwa mjamzito, daktari ana pa kuanzia. Asikae nyumbani bila dawa kwa kuogopa kusema.