Naomba ushauri: stadi za chuma zisizo na pete kamili ya weldi, na kumimina zege la daraja bila nguzo za muda

Wakuu, tuna daraja la gari hapa Nairobi, spani moja ya mita 24: mihimili minne ya chuma kila mita 2.5, juu yake slabu ya zege ya milimita 220. Stadi (vijiti vya chuma vinavyochomelewa juu ya mhimili ili ushikane na slabu) ni za kipenyo cha milimita 19, zimechomelewa mbilimbili kila milimita 150 karibu na vitako (ncha mihimili inapokalia), 300 katikati.

Shida ya kwanza ni weldi. Baadhi ya stadi hazina pete kamili ya chuma kilichoyeyuka chini. Upande mmoja upo wazi, na pale bapa la juu la mhimili lilikuwa na kutu. Ili kupima weldi, tumezipinda kwa nyundo digrii 15 kuelekea upande usio na pengo. Zilizopasuka tunang'oa. Zilizostahimili, je, ziachwe zimepinda hivyo hivyo, au tujaze pengo kwa weldi ya mkono? Ninachohofia ni uchovu wa chuma (kupasuka polepole kwa mzigo unaojirudia) chini ya malori, maana stadi ikikatika slabu huteleza na mhimili hubaki kubeba peke yake.

Pili, hatuweki nguzo za muda. Mto uko chini. Zege bichi litashusha mihimili takriban milimita 47, kwa hiyo tumeipinda kuelekea juu milimita 50 kiwandani. Zege lote ni kyubiki (mita za ujazo) 53, na foleni za mchana zinazochelewesha malori ya zege tunazijua. Zege la mwanzo likishika huku mhimili bado unashuka, litapasuka kwenye stadi. Je, dawa ya kuchelewesha zege kushika inatosha, au tumimine usiku tukianzia katikati? Na breisi za kuzuia mihimili isipinduke, mnaziacha hadi zege lifikie nguvu gani?